Nane kwa mbili, na bado haikutosha

Tulitundika mizinga porini Sikonge, jozi kumi. Kila jozi miti miwili iliyokaribiana: mzinga mmoja nimeupaka nta ndani, mwingine mtupu. Nilitaka kujua upi utaingiwa na nyuki kwanza. Mjomba, ambaye amerina asali tangu sijazaliwa, alinicheka. Nta inaita nyuki, nani asiyejua? Nikamwambia inaita na sisimizi pia. Ndiyo maana, kabla ya kupanda mti wa kwanza, niliandika daftarini: alfa 0.05 (yaani nitaamini tu kama bahati tupu ingeleta matokeo hayo chini ya mara 5 katika 100), jaribio la pande mbili (nahesabu ushindi wa nta na wa mtupu pia).

Jozi nane, nta ilitangulia. Mbili, mtupu.

“Nane kwa mbili, mjomba. Unatafuta nini tena?” akaniuliza Mjomba.

Chuoni nilikaa mwaka mzima nikidhani thamani ya p, ile namba inayolinganishwa na alfa, ni uwezekano kwamba nadharia tete (dai linalopimwa) ni ya kweli. Sivyo. Inauliza hivi: tuseme nta haina kazi yoyote, je, bahati tupu ingeleta tofauti kubwa kama hii, au kubwa zaidi, mara ngapi? Sarafu ndiyo iliyonifungua macho. Nilimpa Mjomba shilingi 200: simba ni nta, Karume ni mtupu. Rusha mara kumi, hesabu, anza upya. Mzunguko wa sita akapata simba nane. Akaigeuzageuza ile sarafu, akaing’ata, eti ya bandia.

Kwa kalamu: mirusho kumi ina njia 1,024. Zenye simba nane ni 45, tisa 10, kumi 1, jumla 56. Upande wa Karume nao 56. Gawanya 112 kwa 1,024, unapata 0.109. Imepita 0.05 mbali.

Shetani akaninong’oneza nihesabu upande mmoja tu: 0.055, pua na mdomo. Lakini kuchagua upande ukishaona aliyeshinda ni kubeti mechi iliyokwisha. Nikaandika kwamba ushahidi haujatosha. Sikuandika kwamba nta haifai, maana hilo sikulipima. Jozi kumi ni chache mno. Uwiano uleule, 16 kati ya 20, ungetoa 0.012.

Kwa hiyo msimu huu ni jozi 20 mpya, na idadi imeandikwa mapema. Shida ni Mjomba. Mizinga yake yote ameshaipaka, na juzi nimemkuta na bonge la nta mkononi, anautazama mmoja wa ile mitupu yangu kwa huruma.