Siku 19 kwenye bonde la Siang: nilivyoacha ratiba nikachuma machenza

Ratiba tuliyopewa na wakala wa safari ya bonde la Siang, kaskazini-mashariki ya India, ilikuwa na vituo saba. Pasighat usiku mmoja, Boleng usiku mmoja, Yingkiong usiku miwili, Tuting karibu na mpaka wa Tibet usiku miwili, na kuendelea hivyo mpaka Mechuka. Mwisho wa yote nilikaa kijiji kimoja siku 19, sehemu nyingine sikuziona, na sijutii hata moja. Tangu nirudi Muheza watu wananiuliza niliwezaje kuishi huko, mwanamke wa Kiislamu, sijui lugha, chakula chao nguruwe na kinywaji chao pombe ya mchele. Naeleza.

Kwanza kibali, maana bila hicho huingii. Bonde liko Arunachal Pradesh, jimbo la pembe ya kaskazini-mashariki ya India, lililopakana na Tibet, Bhutan na Myanmar. Wahindi wenyewe wanaotoka majimbo mengine wanahitaji ruhusa kuingia. Sisi wageni wa nchi za nje tunaombewa kibali na wakala aliyesajiliwa, chetu kilikuwa cha siku 30, kinataja maeneo utakayopita, na tuliambiwa tusipungue wawili. Mdogo wangu anasoma Pune, hukohuko India, basi tukawa wawili.

Ukitua Dibrugarh upo Assam, kwenye tambarare za chai. Unavuka mto Brahmaputra kwa daraja la Bogibeel, lililofunguliwa Desemba 2018, karibu kilomita tano za gari na treni. Mto huohuo ndio niliokwenda kukaa nao juu. Unatoka Tibet ukiitwa Yarlung Tsangpo, unauzunguka mlima Namcha Barwa wenye urefu wa mita 7,782, unashuka India kwa jina la Siang, na ukishapokea maji ya Dibang na Lohit ndipo unapoitwa Brahmaputra. Waadi, wenyeji wa bonde, wanauita Ane Siang. Ane ni mama.

Pasighat tulipanda Sumo, gari za abiria za kule, zinazojaa alfajiri kama Noah za kwetu. Siku ya pili ya safari mlima uliporomoka mbele yetu ukafunga barabara. Kijana aliyekuwa akituongoza, naye ni Mwadi, alisema kusubiri hapo ni kulala garini, lakini ng'ambo ya mto yupo mama yake mdogo.

Kufika ng'ambo ni kwa daraja linaloning'inia. Nyaya za chuma, chini vipande vya mwanzi vilivyofungwa, na katikati ya vipande unaona maji ya kijani yakienda kwa kasi mno. Kijana alinifundisha mambo mawili: macho yaangalie nguzo ya upande wa pili, na hatua zangu zisilingane na za aliye mbele, kwa sababu mkienda sawa daraja linaanza kupiga mawimbi. Siku ya kwanza nilivuka nikisoma Ayat al-Kursi. Wiki ya pili nilikuwa navuka na mzigo mgongoni.

Barabara ilifunguliwa kesho yake saa nane mchana. Dereva akapiga honi kutoka ng'ambo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ukumbi wa nyumba namwangalia mama mwenyeji akifuma kitambaa kwa kitanda cha mfumi alichokifunga kiunoni, mgongo wake ndio unaokaza nyuzi. Nikamwambia kijana: muulize kama naweza kubaki. Akauliza mpaka lini. Nikasema mpaka watakaponichoka. Wakala aliridhia kwa simu, kwa kuwa kijiji kilikuwa ndani ya eneo la kibali chetu, na pesa ya nyumba za wageni tulizoziacha ikageuzwa kuwa malipo ya mama huyo. Hapo ndipo safari yangu ilipoanza.

Nyumba za Waadi zimesimama juu ya nguzo, kuta na sakafu za mwanzi uliopasuliwa, paa la majani ya mtende wanaouita toko. Ukitembea sakafu inabonyea na kunyanyuka, nyumba nzima inajua umeamka. Katikati ni jiko la kuni, na juu ya jiko umening'inizwa uchaga wa ngazi mbili tatu, pa kukaushia nyama, samaki, mbegu na kuni zenyewe. Sikujua kwamba kila upande wa jiko una wenyewe. Nilikaa mahali pa wazee wa kiume. Hakuna aliyenikemea, ila mama, ambaye baadaye nilimwita Ane kama walivyomwita wote, aliugonga mkeka wa upande wake kwa kiganja. Nikahamia. Nilipakalia mahali hapo siku zote 19.

Suala la chakula nililimaliza usiku wa kwanza, na ndilo ninaloulizwa kuliko yote. Nilimweleza kijana kwa utaratibu, naye akamweleza Ane: hatuli nguruwe, hatuli nyama ambayo haikuchinjwa kwa dini yetu, hatunywi pombe, na si kwamba tunadharau chakula chenu. Akanyamaza. Kisha akauliza kama tunakula samaki. Mayai? Majani? Wali? Akacheka kwa furaha, akasema basi tatizo liko wapi. Ng'ambo kulikuwa na duka dogo. Mdogo wangu akaenda kununua sufuria mpya, na Ane akapigilia msumari kwenye nguzo aitundike peke yake. Tukala samaki wa Siang waliokaushwa juu ya moshi, machipukizi ya mwanzi yaliyochachushwa, na majani ya ongin, machungu kidogo, yanachemshwa na tangawizi. Shambani tulibeba wali uliofungwa kwa majani mapana ya ekkam, na wali ule unapata harufu ambayo sahani haiwezi kuupa.

Apong, pombe yao ya mchele, ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu haitolewi kama kinywaji tu. Mgeni akiingia anapewa, wazee wakikaa wanapewa, mizimu inapewa. Iko nyeupe na iko nyeusi, hii nyeusi inachanganywa na makapi ya mpunga yaliyochomwa kisha maji yanapitishwa taratibu kwenye faneli iliyotandikwa majani. Kukaa mikono mitupu wakati wenzako wameshika vikombe ni kujitenga. Ane alinijazia chai ya rangi kwenye kikombe cha mwanzi kilekile wanachonywea wao. Nikakipokea kwa mikono miwili, wakiinua nainua. Nyumba zote tulizoalikwa baada ya hapo, kabla sijafika jikoni birika limeshatengwa.

Na lugha? Bonde lina makabila mengi, na hata Waadi wenyewe wamegawanyika, Wapadam, Waminyong, Wapasi na wengineo. Watu wa makabila mbalimbali ya jimbo wanaelewana kwa Kihindi, Kihindi chao wenyewe, kilicholegezwa sarufi. Nilikuwa sijui Kihindi. Lakini siku ya tatu nilimsikia binti wa Ane akimwambia mtoto achukue sabun. Nikashtuka. Nikaanza kuhesabu: chai, gari, duka, dawa, kitab, kalam, duniya, khabar, wakt, hisab, taiyar, lekin. Maneno yetu hayo, mengine yalivuka bahari kutoka India, mengi sisi na wao tuliyapata kwa Waarabu na Waajemi. Nikawa nasema "taiyar?" nikionyesha tenga, "wakt?" nikionyesha jua. Neno safari nilipolitaja wakaelewa moja kwa moja. Jioni tulikaa mimi na binti huyo tukitafuta mengine, yeye anataja, mimi natikisa kichwa au naruka kwa furaha.

Kilichonifanya nionekane mtu wa pale, hata hivyo, ni kazi.

Siku mbili za mwanzo nilikuwa mgeni: nimeketishwa, nimelishwa, nimetazamwa. Inachosha, kwao na kwako. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, ilikuwa Novemba mwishoni, na mlima nyuma ya kijiji ulikuwa umejaa matunda ya rangi ya jua linalozama. Wao wanayaita machungwa, kwetu hayo ni machenza. Mimi nimezaliwa katikati ya miti ya machungwa Muheza. Kwetu tunda linaiva likiwa bado kijani, maana usiku wetu hauna baridi ya kulibadilisha rangi. Kule baridi ya usiku inaling'arisha lote. Nilimfuata binti wa Ane shambani bila kuitwa, nikamwona anakata kwa mkasi, akiacha kikonyo kifupi kwenye tunda ili ngozi isichanike. Ndivyo baba alivyotufundisha: ukiling'oa linabaki tundu, na tundu ni uozo njiani. Nikanyoosha mkono aniazime mkasi. Alinitazama nikikata matano, kisha akaenda kutafuta mwingine.

Tangu siku hiyo ratiba yangu ilikuwa yao. Kule jua linatangulia sana, kwa sababu India yote inatumia saa moja na bonde liko mashariki mwisho. Saa kumi na moja na nusu alfajiri kumeshapambazuka, saa kumi na robo jioni jua limezama na Magharibi imeingia. Saa kumi na mbili ni usiku mzito, watu wako motoni. Ane alinifundisha kubeba tenga kwa ukanda unaopita juu ya paji la uso, shingo imenyooka, mzigo unakaa mgongoni. Shingo iliniuma siku nne, ya tano ikazoea. Na binti yake alipotoa simu kunionyesha kwa kikokotoo bei anayowapa mwenye lori kutoka Assam, na jinsi wengine wanavyonunua mti mzima ukiwa bado na maua, nilimweleza habari za walanguzi wa kwetu na lumbesa, gunia linalojazwa kupita mdomo wake. Nilichora gunia ardhini, nikalichorea kilemba juu. Alielewa kabla sijamaliza.

Kwa kuwa nilikuwepo tu, nikaona mambo ambayo hayaandaliwi kwa mgeni. Mithun mmoja, ng'ombe wao wakubwa wanaoachwa huru msituni, wenye alama za mkato masikioni na wanaoitwa kwa chumvi, alivunja ua akala mboga za watu. Wazee wakaitisha kebang, baraza la kijiji, wenye vyeo wakivaa makoti mekundu. Wanazungumza mmoja mmoja, kwa muda mrefu, hakuna anayemkatiza mwenzake. Zamani wanawake hawakusema humo. Siku ile nilimsikia mwenye bustani, mwanamke, akisema kwa sauti kamili. Mashauri yalianza asubuhi, yakaisha jua likizama, na wenye kesi wakala pamoja.

Siku nyingine tulitembea mpaka Komsing, ambako kuna jiwe la kumbukumbu la Noel Williamson, ofisa wa Kiingereza aliyeuawa hapo Machi 1911. Matmur Jamoh, Mwadi, ndiye aliyeongoza waliomuua. Waingereza walijibu kwa jeshi, wakaingia bondeni hadi 1912, na Jamoh akafungwa visiwa vya Andaman. Wakati huo Waadi waliitwa Abor, jina la kupewa na watu wa tambarare, la kuwaona wakaidi. Nilimsikia kijana wetu akilitamka mbele ya jiwe lile, na uso wake ulibadilika. Nikafikiria majina ambayo sisi pia tulipewa.

Mazungumzo ya usiku yalirudi kila mara kwenye mto. Serikali ya India inataka kujenga bwawa kubwa hapo Siang, la zaidi ya megawati 11,000, na inasema litakuwa kinga iwapo maji yataachiwa ghafla kutoka juu, kwani China nayo imeanza mwaka 2025 kujenga bwawa kubwa zaidi upande wa Tibet. Hofu hiyo ina msingi, maana Juni 2000 mafuriko yalishuka kutoka Tibet baada ya ziwa lililozuiwa na maporomoko kupasuka, yakazoa madaraja na watu. Lakini bwawa lenyewe litafunika mashamba ya mpunga na machenza, na makaburi. Katika nyumba ile niliyokaa hakuna aliyelitaka. Ane hakupiga kelele kama wanawe. Alisema miti ile aliipanda mumewe mwaka aliozaliwa binti yao, akaniuliza mchungwa unachukua miaka mingapi kwetu kuzaa. Nikamwonyesha vidole. Akaonyesha vyake. Siwezi kujifanya sina upande. Nimelelewa na miti hiyohiyo.

Kwa anayetaka kwenda: Oktoba mpaka Machi ni ukavu, miezi ya mvua barabara hazina dhamana. Chukua pesa taslimu Pasighat. Chukua sweta nzito, maana upepo unapita kwenye sakafu. Usipige picha jikoni kabla hujalala humo siku kadhaa. Na mwambie wakala mapema kwamba unataka kukaa sehemu moja, ili kijiji kiandikwe kwenye kibali.

Asubuhi ya kuondoka Ane alinifungia machenza kwa majani ya ekkam, mengi kuliko nilivyoweza kubeba. Nikataka kumwachia sufuria kama zawadi, apikie chochote. Juzi kijana wetu alinitumia picha za jikoni mle, moshi, uchaga, wajukuu. Sufuria iko peke yake kwenye msumari wake. Nikamwuliza mbona haitumiki. Akasema Ane anachemshia chai tu, mpaka turudi.