Kauntabuku za babu

Ijumaa

Jana tumemsomea babu hitma ya arobaini. Watu wamekula na kuondoka, masufuria ya kukodi yamerudishwa, na nyumba yetu ya Ngamiani, hapa Tanga, imekuwa kimya kwa namna ambayo sijaizoea. Baada ya Isha shangazi akaniita chumbani kwa babu. Sanduku la bati lilikuwa wazi kitandani. Kanzu mbili, tasbihi, miwani iliyofungwa uzi, na chini yake kauntabuku kumi na saba, zote za mgongo mwekundu.

Nimekesha nazo.

Babu alizaliwa 1934 na ametutoka akiwa na miaka 91. Ujana wake aliuanzia kwenye mkonge, akiwa karani wa shamba, enzi ambazo Tanganyika iliongoza dunia kwa zao hilo. Mwaka 1964 zilizalishwa kama tani 230,000. Kazi yake ilikuwa kutia alama kwenye vipande. Kipande kilikuwa kadi ya siku thelathini za kazi, na mfanyakazi hakupokea mshahara mpaka siku hizo zitimie. Waliokuja kwa mkataba kutoka mikoa ya mbali waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba, na wengi waliitwa kwa namba hiyo tangu siku ya kufika hadi ya kuondoka. Babu aliyasimulia haya kwa sauti ya chini sana. Siku moja mmoja wao alifariki. Karani mkubwa akaikata ile namba kwa mstari, akafunua ukurasa mwingine, kazi ikaendelea. Babu alisubiri jioni, akaenda kambini kuuliza marehemu alikuwa akiitwa nani.

Nimelifikiria sana jambo hilo usiku kucha, kwa sababu ndani ya kauntabuku zake hakuna mahali palipoandikwa "matumizi ya nyumbani" wala "mengineyo". Kila mstari una mtu. "Viatu, mwanangu wa tatu, 45/=. Amecheka." "Khanga, mama watoto, 30/=. Rangi hakuipenda, kesho nikabadilishe." Mwaka 1982, sukari ilipokuwa ya foleni: "Sukari kilo 1. Nusu kwa jirani, ana mzazi ndani."

Mwaka 1967 benki zilitaifishwa, siku moja tu baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara. Babu aliingia huko kwa sababu ya mwandiko wake mzuri, akapanda hadi kuwa mhasibu wa tawi, na akastaafu 1989. Kuhusu vyeo vyake sina mengi ya kusema, na yeye mwenyewe hakuwa akivitaja. Ninachokijua ni kengele ya baiskeli yake. Tanga ni mji wa baiskeli, lakini baba anasema kengele ya babu waliitambua tangu kona ya barabara, kila mchana, na bibi hakupakua wali mpaka aisikie.

Kuna usiku mmoja tu aliokosekana, nao umeandikwa. Ulikuwa usiku wa kufunga hesabu za mwaka, vitabu vikagoma kulingana kwa shilingi kumi na mbili, akabaki ofisini kuzitafuta hadi alfajiri. "Tofauti 12/= imepatikana. Binti kazaliwa saa nane usiku. Sikuwapo." Neno hilo la mwisho amelipigia mistari miwili ya wino mwekundu, kama wahasibu wanavyofunga jumla.

Binti huyo ni shangazi. Ana miaka hamsini na mbili na hakuwahi kuusoma ukurasa ule. Alikaa kitandani, akaupapasa kwa kidole, kisha akasema, "Ndiyo maana hakukosa hata mkutano mmoja wa wazazi."

Mimi babu niliyemjua ni wa barazani. VAT ilipoanza Julai 1998, wenye maduka wa mtaani walimjia na risiti zao kwenye makopo ya maziwa na mifuko ya rambo. Aliwapangia zote, akiwa na peni mbili mfukoni, nyeusi na nyekundu. Mashine za risiti zilipokuja 2010 alikuwa na miaka 76, akajifunza. Mwenye duka akifika, kwanza aliulizwa habari za nyumbani, na si kwa adabu tu, kwa maana wiki ijayo babu angemuuliza kama mtoto ameacha kukohoa. Halafu likaja swali ambalo wengi hawakulipenda: "Mkeo anauza dukani kutwa nzima. Mshahara wake uko wapi humu?" Wapo waliokasirika wakachukua kopo lao. Babu hakuwafuata wala kuwabembeleza, na waliporudi alianza na swali lile lile. Najua mama mmoja hapa mtaani aliyejenga nyumba kwa mshahara ulioanzia kwenye mstari ule. Jana alikuja kwenye hitma, akalia kuliko sisi.

Ukurasa wa mwisho mwandiko umetetemeka, herufi zimeanguka nje ya mistari. Wiki zile nilikuwa nampelekea uji kila asubuhi, naye kila asubuhi akinitolea nauli, nami nikikataa. "Chukua, mchumba," alikuwa akisema, "bodaboda hapandishi watu bure." Sikuchukua hata mara moja.

Mstari wa mwisho ni wangu. Jina langu, kisha: "Nauli ya uji, 1,000/=. Hajachukua." Chini yake hajapiga jumla. Pembeni amebana kwa pini noti ya elfu moja, ile yenye sura ya Mwalimu, imekunjwa mara mbili.

Shangazi amesema niondoke na kauntabuku hiyo. Nimeifunga na noti yake ndani, pini sijaigusa.