Pikipiki inavuja oili upande wa cheni: kabla hujanunua sili

Pikipiki nyingi za biashara, kuanzia Boxer na TVS hadi zile za Kichina zilizoiga Honda CG125 ya miaka ya 1970, zina injini ya silinda moja inayopozwa kwa hewa na hubeba oili ya lita moja au zaidi kidogo. Oili hiyohiyo ndiyo inayolainisha pistoni, klachi na gia, na ndiyo inayosaidia kupooza injini. Ikidondoka robo lita bila wewe kujua, umepoteza sehemu kubwa ya ulichonacho. Tena ikivuja upande wa kushoto, kwenye cheni, matone huishia kwenye tairi la nyuma, na hapo kona moja tu inatosha kukulaza chini.

Dalili ni zilezile: kifuniko cha spoketi ndogo (gia ya mbele inayovuta cheni) kimelowa, chini ya injini kuna doa jeusi, rimu ya nyuma ina michirizi. Mwenye pikipiki anaambiwa sili, yaani ringi ya mpira inayozuia oili kutoka pembeni ya shafti, imekufa, inabadilishwa, na baada ya muda mfupi inavuja tena. Sili huenda ilikufa kweli, ila kilichoiua kiliachwa palepale.

Kwanza osha. Injini ikiwa imepoa, funika kabureta na soketi za waya kwa nailoni, kisha safisha kwa brashi na mafuta ya taa, hasa ndani ya kifuniko cha spoketi. Petroli inaondoa uchafu haraka lakini inawaka haraka pia. Suuza kwa maji ya sabuni, kausha vizuri, halafu pakaa poda ya mtoto sehemu zote unazozishuku. Washa injini dakika tano, zunguka kilomita mbili au tatu, simama uangalie kwa tochi. Poda inapolowa mwanzo ndipo panapovuja. Upepo husukuma oili nyuma na uzito huivuta chini, kwa hiyo uvujaji wa gasketi ya chini ya silinda unaweza kuonekana kabisa kama wa sili ya spoketi. Grisi na oili ya cheni nazo hudanganya: huwa nzito, zinanata na zina mchanga. Oili ya injini huwa nyepesi na hutiririka.

Nyuma ya spoketi ndogo kuna watuhumiwa watatu. Wa kwanza ni sili ya shafti inayobeba spoketi. Wa pili ni sili ndogo ya shafti ya kubadilishia gia. Wa tatu, ambaye mafundi wengi humruka, ni o-ringi (kipete cha mpira) ya swichi ya nyutro, ile inayowasha taa ya gia huru. O-ringi hii ni ya bei ndogo, ikikauka inapitisha oili taratibu, na lawama zote zinaenda kwa sili kubwa iliyo jirani.

Kabla ya kushika spana, angalia mambo mawili yanayosukuma oili nje.

La kwanza ni mpira wa kupumulia wa injini, ule unaotoka kwenye bloku ya chini ya injini au kwenye hedi (kichwa cha silinda) kwenda boksi la chujio la hewa au kuning'inia chini. Ukikunjwa, ukibanwa na tanki au ukizibwa na tope, hewa ya ndani ya injini inakosa pa kutokea na inasukuma oili kupitia sili iliyo dhaifu kuliko zote. Uchomoe, upulize kwa mdomo, uhakikishe unapitisha. Kisha injini ikiwa kwenye silensa (inanguruma taratibu bila kuvuta mafuta), fungua kifuniko cha kujazia oili. Mvuke kidogo na mapigo mepesi ya hewa ni kawaida. Moshi mzito unaopiga kwa nguvu maana yake ringi za pistoni zimechoka. Injini ya namna hiyo ukiizibia sili moja itatoboa nyingine, na fedha ya sili ungeiweka akiba ya ringi.

La pili ni kiwango cha oili. Simamisha pikipiki wima sehemu tambarare, washa dakika tatu, zima, subiri dakika mbili au tatu, ndipo upime. Kwenye injini nyingi za aina hii kijiti hupimwa kikiwa kimewekwa tu juu ya tundu bila kufungwa uzi. Kitabu cha pikipiki yako ndicho kinachoamua. Kiwango kikiwa juu ya alama ya mwisho ilhali hukuongeza, nusa kijiti. Kikinuka petroli, sindano ya boya la kabureta haizibi, petroli inashuka ndani ya injini na kuifanya oili nyembamba kama maji. Tengeneza kabureta na umwage oili yote. Ukibadilisha sili tu hapo hujafanya kitu.

Yote hayo yakiwa sawa, sasa sili. Ng'oa pedali ya gia baada ya kuweka alama ya nukta kwenye pedali na shafti, la sivyo utairudisha ikiwa imeinama vibaya. Fungua kifuniko cha spoketi, legeza ekseli ya nyuma, sukuma tairi mbele ili cheni ilegee. Kwenye injini za aina ya CG spoketi inashikwa na bamba lenye bolti mbili za spana namba 10. Fungua, zungusha bamba kidogo hadi meno yaachane, vuta. Laza pikipiki kuelekea kulia na uiegemeze imara. Hapo hulazimiki kumwaga oili.

Chunguza mahali penyewe kabla ya kung'oa. Mara nyingi utakuta nyuzi za kiroba au nailoni zimejisokota kwenye shafti hadi zimekata mdomo wa sili. Shika shafti uinyanyue juu na chini. Ikicheza, beringi ya gia imeisha na sili mpya haitadumu. Chanzo kikubwa cha beringi kuisha ni cheni iliyokazwa kupita kiasi. Inatakiwa icheze milimita 20 hadi 30 katikati, na vijana wanaobeba mizigo wapime mtu akiwa amekaa juu, kwa sababu cheni hukaza pikipiki inapodidimia kwa uzito.

Ng'oa sili kwa bisibisi bapa, ukichokonoa mpira wenyewe. Usiguse shafti wala ukingo wa alumini; mkwaruzo mmoja unatosha kuwa njia ya oili. Pitisha ukucha pale mdomo wa sili ulipokuwa unasugua. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya isikae palepale: iingize zaidi au pungufu kwa milimita moja kama nafasi ipo. Kama shafti yako ina bushi (bomba fupi la chuma lililovikwa shafti) inayochomoka, nunua bushi mpya pamoja na o-ringi yake ya ndani.

Dukani usitaje jina la pikipiki peke yake, nenda na sili ya zamani. Namba zake tatu, kwa mfano 20x34x7, ni kipenyo cha ndani, cha nje, na unene kwa milimita. Upande wenye springi unatazama ndani ya injini. Paka mdomo grisi kidogo, vika meno ya shafti nailoni nyembamba ili yasiuchane, kisha gonga taratibu kwa soketi yenye upana wa sili hadi ilingane na ukingo. Baadhi ya injini zina sili yenye mdomo wa nje ulioshikwa na bloku, na haitoki bila kupasua injini, yaani kuitenganisha bloku zake mbili. Ukiona inakataa kabisa, acha kulazimisha.

Halafu kuna silikoni. Kuipaka kuzunguka sili kwa nje hakuzibi kitu, maana oili inapita kwenye mdomo unaozunguka. Ikipakwa nene kwenye gasketi ya kifuniko cha klachi, nyuzi zake hukatika ndani, huziba chujio na vijitundu vya oili, na sehemu za juu za hedi huunguzwa na ukavu. Dawa za chupa za kuzuia uvujaji nazo huvimbisha mpira kwa muda tu, na klachi ya pikipiki inaogelea humohumo. Ndiyo maana oili iwe na alama ya JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki ambazo klachi yake inalowa oili; ya gari yenye vipunguza msuguano huifanya klachi iteleze.

Rudisha spoketi, kaza zile bolti za spana namba 10 (uzi wake ni wa milimita 6) kwa Nm 10 hadi 12, kipimo cha nguvu ya kukazia. Kwa T-spana fupi na nguvu ya kifundo cha mkono unafika. Ukiongezea bomba, unaua uzi wa alumini. Rekebisha cheni, osha tairi kwa sabuni, paka poda tena kuzunguka sili, tembea kilomita 10 au 15, pima oili, tazama poda.