B ya Bukoba

Julai 2012 masoko ya tumbaku yalikuwa yamekolea. Malori yaliingia Tabora kutoka Urambo na Sikonge, na hesabu za malipo ya wakulima ziliingia kila jioni kwenye seva niliyokuwa naitunza mimi. Diski zake za ndani zilikuwa zimekaribia kujaa. Kila asubuhi, kabla sijamaliza kumwamkia, mama mhasibu alikuwa ameshauliza: "Baba, mashine yako itatufikisha mwisho wa msimu?"

Nafasi ilikuwepo, tena chumba kilekile. Kulikuwa na storeji kubwa, yaani kabati la diski nyingi, iliyokuwa ikitumiwa na seva nyingine mbili kupitia swichi mbili za fiba, vifaa vinavyounganisha nyaya za kupitisha mwanga. Seva yangu ndiyo iliyokosa mlango wa kuingilia huko. Mlango wenyewe, kadi ya HBA yenye poti mbili, yaani matundu mawili ya kuchomekea fiba, ulikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam ukiwa umefungwa ndani ya boksi dogo. Kadi ya namna hii hubeba maombi ya kusoma na kuandika, ikayapeleka kwa mwanga ndani ya fiba hadi kwenye storeji, na seva ikaiona diski ya mbali kama imefungwa tumboni mwake.

Ijumaa jioni, wafanyakazi walipoondoka, nilizima seva nikachomeka kadi. Ilipowaka nilibonyeza Ctrl na Q kuingia kwenye mipangilio ya kadi. Kuwasha seva kutoka storeji nilikuacha kumefungwa, kwa sababu mfumo wetu uliwakia kwenye diski ya ndani. Kasi niliiacha ijichagulie yenyewe. Poti moja ikatoa taa ya kijani, ya pili ikabaki giza. Kiangazi cha Tabora kina vumbi jembamba linalopenya kila mahali, na kiini cha fiba ile ni maikromita 50 tu, kwa hiyo chembe moja inatosha kuziba mwanga. Nilisafisha ncha, nikairudisha, taa ikawaka.

Kazi ya zoni, yaani kuiambia swichi seva ipi iruhusiwe kuifikia storeji, haikuwa yangu. Ilikuwa ya dada mmoja aliyekuwa Dar es Salaam, msimamizi wa storeji, aliyeingia kwenye swichi zetu kwa mbali. Alichohitaji kwangu ni jina la kila poti, yaani namba ndefu ya WWN yenye tarakimu na herufi 16, ambayo kiwandani hupewa poti hiyo peke yake. Simu yangu ilikuwa ya tochi, haina kamera, basi nikamsomea.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Nisomee taratibu, naandika."

Nikasoma: mbili moja, sifuri sifuri, mpaka mwisho. Akaniambia poti ya pili nimtajie tarakimu ya mwisho tu, maana zilizobaki zinafanana. Dakika ishirini baadaye akasema tayari, tafuta diski. Nikaiamuru seva itafute. Hakuna. Nikaizima, nikaiwasha. Hakuna.

Hapo ndipo nilipopoteza saa nzima. Niliamini kadi imeumia njiani, nikaichomoa, nikaihamishia nafasi nyingine, nikabadilisha hata nyaya. Usiku ule ulikuwa wa baridi, lakini shati lilikuwa limenigandia mgongoni. Nilikuwa namwaza mama mhasibu na orodha zake, na wakulima ambao wangesimama dirishani Jumatatu.

Dada akapiga. "Taa za poti ni za kijani?"

"Za kijani zote mbili."

"Basi kadi ni nzima. Imebisha hodi kwenye swichi na imepokelewa. Ngoja niiulize swichi yenyewe inamwona nani."

Nikasikia kibodi yake. Kisha kimya kirefu.

"Swichi inaniambia hapa kuna nane bii. Wewe ulinitajia nane dii."

"Dada, nilisema bii."

"Mimi nilisikia dii."

Sikumlaumu, naye hakunilaumu. Bii, sii, dii na ii kwenye simu inayokwaruza ni sauti moja. Zoni ilikuwa inamngoja mgeni asiyekuwepo duniani, huku mgeni halisi amesimama mlangoni na jina lake sahihi. Na kwa kuwa poti ya pili ilinakiliwa kutoka ya kwanza, kosa lilikuwa limeingia njia zote mbili.

"Tuanze upya," akasema. "Nitakusomea ninachokiona, wewe linganisha na karatasi yako. Nane, b ya Bukoba."

"Bukoba, ndiyo."

"Sifuri, e ya embe. D ya Dodoma, tatu."

"Dodoma, tatu. Sawa kabisa."

Alisahihisha sehemu tatu: zoni ya swichi ya kwanza, ya swichi ya pili, na kwenye storeji yenyewe, ambako kuna orodha ya seva zinazoruhusiwa kugusa diski ile. Akanikumbusha pia kwamba kuihifadhi zoni mpya hakutoshi, lazima iwashwe ndipo swichi iifuate.

Nikaamuru tena. Zikatokea diski nne.

"Dada, umenipa nne?"

"Nimekupa moja. Usiguse hata mojawapo!"

Poti zangu zilikuwa mbili, na kila moja ilifika kwenye vidhibiti viwili vya storeji, kwa hiyo diski moja ilionekana kwa njia nne. Kwangu mimi hapo ndipo penye hatari kuliko pote, kwa sababu mtu aliyechoka anaweza kuzichukulia kama diski nne tofauti, akaziandikia kila moja kivyake, na data ikavurugika. Nikawasha programu ya maltipathi, inayotambua kwamba njia kadhaa zinafika kwenye diski moja. Nne zikawa jina moja, na chini yake mistari minne, yote hai. Nilianza kunakili faili kubwa, kisha nikachomoa fiba moja makusudi. Kunakili kulisita kwa sekunde chache, kukaendelea.

Data za msimu zilimaliza kuhama karibu na alfajiri. Saa moja na nusu asubuhi mama mhasibu alifika, Jumamosi ile, akiwa amejitanda khanga mabegani kwa baridi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Orodha ya Urambo inafunguka?"

"Inafunguka."

Akavuta kiti, akavaa miwani.