Nilivyozikusanya kauli za mbunge wetu, kikao kwa kikao

Daftari langu ni la jalada gumu, kurasa mia mbili, na limejaa hadi pembezoni. Mna kila mahali mbunge wetu alipofungua mdomo Dodoma, tangu Novemba 2010 lilipoanza Bunge la Kumi hadi Juni 2020 lilipovunjwa la Kumi na Moja. Nimeliandika kwa mkono wangu, usiku, baada ya skuli na baada ya mapishi, na nalionea fahari. Mbunge mwenyewe simtaji jina. Ameshaacha siasa na kaniomba nimwache apumzike. Itoshe kujua kwamba alikuwa wa upinzani, wa jimbo moja la Kaskazini Pemba, aliingia kwa chama cha CUF 2010 na tukamrudisha 2015.

Jambo lenyewe lilianzia barazani kwa baba, Wete, Agosti 2020. Karafuu zilikuwa zimeanza kushuka na kampeni zinanukia. Kijana mmoja wa jirani, niliyemsomesha darasa la tano, akafungua simu akawasomea wazee hesabu za mbunge wetu: maswali ya msingi kadhaa, maswali ya nyongeza kadhaa, michango kadhaa. Akaweka pembeni hesabu za mbunge mmoja wa Bara, zikawa mara tatu yake. "Wazee wangu, kwa heshima zote, miaka kumi mmemtuma bubu. Hata maji na barabara yetu hakuwahi kuvitaja."

Wazee kimya. Baba, ambaye 2010 na 2015 alikuwa kituoni tangu alfajiri, akaweka kikombe chini akasema, "Kweli, siku hizi hata mimi simsikii." Nilikuwa nyuma ya pazia, na maneno yale yalinichoma.

Hilo la "simsikii" ndilo lililonikaa. Mimi nakumbuka kumsikia. Enzi za Spika Anne Makinda vikao vilirushwa moja kwa moja, redio ikawekwa dirishani na baraza zima likatulia. Januari 2016 serikali ikatangaza kwamba TBC, shirika la utangazaji la taifa, haitorusha tena Bunge kama zamani, ila kipindi cha kurekodiwa usiku baada ya saa nne. Wazee wa kwetu saa nne wameshalala. Kwa hiyo sauti ilikatwa upande wetu, na watu wakamhesabia yeye kwamba amenyamaza. Nikataka nijue alisema nini hasa katika miaka ile ambayo sisi hatukusikia.

Nilipoanza kuuliza, nilipata ushauri wa kila aina, mwingi wake mbovu. Binamu yangu aliyeko Dar es Salaam akaniambia nichukue zile zile hesabu za kwenye ukurasa wa mbunge, "mambo yamekwisha". Kijana mmoja wa chama akanambia nitafute video. Nikatafuta, nikapata vipande vya ugomvi tu, watu wanarushiana maneno na mwenyekiti anapiga rungu. Mtu mwengine, msomi, alinipotezea wiki nzima kwa kunihakikishia kwamba lazima niandike barua Dodoma niombe kibali. Si kweli. Hansadi ni taarifa rasmi ya majadiliano na Bunge lenyewe linaziweka wazi kwenye tovuti yake, faili moja kwa kila kikao. Nilichohitaji ni bando, laptopu ya kuazima na subira. Kwa miezi mitatu bando lilinila kama elfu sitini hivi, labda zaidi kidogo, na fotokopi za kurasa nilizozitaka zaidi zikamaliza elfu ishirini nyengine.

Nilianza vibaya. Nilishusha vikao vya bajeti ya 2011, nikaandika jina lake kwenye sehemu ya kutafutia, kama lilivyoandikwa kwenye mabango ya kampeni hapa kwetu. Faili la kwanza, hamna. La pili, hamna. La tatu likanipa mstari mmoja, Spika anamtaja kwenye orodha. Usiku wa tatu nilikuwa na mistari sita tu kwa mkutano mzima wa bajeti, ule ulioanza Juni hadi mwisho wa Agosti mwaka ule. Nilizima laptopu na uchungu mkubwa, maana nilijiona nakwenda kumthibitishia yule kijana maneno yake mbele ya baba yangu.

Usiku wa nne nikasema sitafuti tena, nasoma. Nikakisoma kikao kizima kuanzia dua. Nilipofika kwenye maswali ya nyongeza, mtu mmoja akasimama kuulizia nyumba za askari polisi Pemba, na kabla sijaangalia jina nikajua ni yeye. Alivyoitaja njia ya kwenda Konde na gati ya Wete, mtu asiyekulia hapa hawezi kuitaja vile. Nikapandisha macho juu ya maneno. Jina lilikuwa lake, lakini M moja imepungua, na pale tunapoandika U wao wameandika O.

Jina hilo ni la Mtume, na nusu ya kisiwa tunalo. Sisi tunamwandika Muhammed. Hansadi ilimwandika Mohamed, siku nyengine Mohammed, siku nyengine Muhammad, kwa kadiri aliyekuwa kwenye meza ya kunakili siku ile alivyozoea. Kompyuta haijui kama ni mtu mmoja. Nikaziandika zote nne kwenye karatasi, moja chini ya mwenziwe, nikaangalia ni kipande gani hakibadiliki. Ni HAM. Nikaandika hizo herufi tatu tu. Zikanimiminikia hamsini zote za bajeti, hamu, hamasa, wahamiaji haramu na kila mheshimiwa aitwaye Hamad na Hamisi, mamia kwa mamia, hata macho yakaniuma.

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo naliona ni zuri kuliko yote niliyoyafanya. Kwenye hansadi, jina la anayeanza kusema huandikwa kwa herufi kubwa tupu, likitanguliwa na MHE. na kufuatiwa na nukta mbili. Maneno ya ndani ya hotuba ni herufi ndogo za kawaida. Na programu ya kusomea mafaili yale ina kisanduku ukikitia alama inalinganisha herufi kubwa na ndogo. Nikakitia alama, nikaandika HAM kwa herufi kubwa. Hamsini zikaondoka, hamu ikaondoka, wahamiaji wakaondoka. Wakabaki wasemaji peke yao, na kumchagua wetu miongoni mwao ilikuwa kazi ya jicho tu. Kikao kilichonichukua usiku mzima sasa kilinichukua robo saa. Nilicheka peke yangu hadi mama akagonga mlango.

Ukimtafuta mbunge wako, angalia pia herufi hizi: K.n.y. Maana yake kwa niaba ya. Mbunge ameleta swali lake, siku limepangwa yeye hayupo, mwenzake anasimama kuliuliza. Majina mawili yanakaa pamoja, la pili ndani ya mabano. Mara kadhaa swali lilikuwa la wetu, la kwetu, na aliyelisoma ni mtu wa jimbo jengine kabisa. Na usiache kusoma mwisho wa mjadala, kwenye michango kwa maandishi. Huko ndiko wanakokwenda waliokosa nafasi. Mbunge wa upinzani hapati dakika kama anavyotaka. Nafasi hugawiwa kwa kuangalia idadi ya wabunge wa kila chama, na za wachache ni chache. Mara nyingine wawili wanagawana dakika kumi, tano wewe, tano mimi, na kwenye ukurasa unaona pale kengele ilipolia akiwa katikati ya sentensi. Basi wetu alikuwa anapeleka karatasi. Kurasa nzima nzima, alizoziandika mwenyewe, ambazo hakuna redio wala televisheni ingeweza kuzitoa kwa sababu hazikusemwa kwa mdomo.

Ndiyo maana zile hesabu nazikasirikia hadi leo. Mchango wa kupongeza wizara na kuunga mkono hoja mia kwa mia ni mmoja. Hotuba ya kurasa ishirini nayo ni mmoja. Bunge la Kumi lilipoanza, CHADEMA iliunda Kambi Rasmi ya Upinzani peke yake, wa CUF wakawa nje ya kambi hiyo. Baada ya 2015, CUF ikiwa ndani ya UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wetu akapata kusoma hotuba ya kambi, ndefu, yenye hesabu za mafungu na vifungu vya Katiba. Nilipomaliza kuinakili mkono ulikuwa umevimba. Kwenye simu ya yule kijana ile kazi yote ni namba moja.

Kulikuwa na shimo moja lililonitisha. Juni 2016, hamna kitu. Siku baada ya siku, bajeti ya serikali inajadiliwa, na HAM yangu hairudishi jina lake. Nilidhani mafaili yamekosekana. Yalikuwepo. Ikabidi nimuulize baba, na yeye ndiye aliyenikumbusha: ndiyo siku zile wabunge wa upinzani walikuwa wakitoka ukumbini kila Naibu Spika Tulia Ackson anapokaa kitini, hata wakawahi kutoka wameziba midomo kwa plasta. Hansadi inaandika waliosema. Aliyetoka nje haonekani, na ukihesabu tu utamwita mvivu.

Baba akaendelea na ya zamani zaidi. Baada ya uchaguzi wa 2000 wabunge wa CUF walisusia Bunge lenyewe, si kutoka na kurudi, wakavuliwa viti kwa kutohudhuria, na sisi Pemba tukarudi kwenye masanduku Mei 2003. Ibara ya 71 ya Katiba inasema hivyo, ukikosa mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa ya Spika kiti kinakwenda. Kwa hiyo hawa wa 2016, kwa maoni yangu, walijua mpaka uko wapi: unaingia, unaonekana, unatoka. Niliandika maelezo hayo kwenye daftari kwa wino mwekundu, nikaacha ukurasa mtupu kwa kila wiki ya mwezi ule, ili atakayelifungua aone kwamba utupu ule una sababu.

Bado lilikuwepo lile la maji na barabara, na hapa kijana alikuwa na haki ya kuuliza lakini alikuwa anauliza mlango usio wake. Maji, barabara zetu, skuli za msingi, hospitali, hata karafuu yenyewe, si mambo ya Muungano. Yanajibiwa Chukwani, Unguja, kwenye Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Mbunge akiyauliza Dodoma waziri atamwambia hilo ni la Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na swali limekwisha. Ya Dodoma ni polisi, ulinzi, mambo ya nje, elimu ya juu, ushuru wa forodha na mengineyo, ishirini na mbili kwa jumla kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba. Na huko wetu alikuwemo. Mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu, alirudi nayo mwaka hata mwaka. Mizigo inayolipiwa ushuru Unguja kisha ikalipishwa tena bandarini Dar es Salaam, aliisemea hadi nikaona maneno yake yanachoka. Akaunti ya Pamoja ya Fedha, ya serikali zote mbili, iliyomo ndani ya Katiba, Ibara ya 133, aliiuliza kwa Spika Makinda na akaiuliza kwa Spika Ndugai aliyemfuata.

Na Chukwani kwenyewe, 2016 hadi 2020, nani angetusemea? Oktoba 25, 2015 tulipiga kura zote siku moja, kituo kimoja. Siku tatu baadaye uchaguzi wa Zanzibar ukafutwa, wa Muungano ukabaki. CUF ikasusia marudio ya Machi 20, 2016. Kwa hiyo mwakilishi tuliyemchagua hakuingia Barazani, na mbunge tuliyemchagua aliingia Bungeni. Miaka mitano kisiwa hiki kilikuwa na sauti ya chaguo lake upande mmoja tu, na upande huo ndio ule televisheni iliyouzimia.

Nilisoma daftari Novemba ile, jioni, uani kwetu, watu wamekaa kwenye majamvi wanachambua karafuu. Mimi juu ya kigoda na taa, vidole vyao vinatenganisha karafuu na makonyo, nami nafunua ukurasa mmoja baada ya mwengine. Sikusoma yote, nilichagua. Nilipofika kwenye ushuru mara mbili, ami yangu mwenye duka akaacha kuchambua kabisa. Nilipofika kwenye nyumba za polisi, baba akasema, "Rudia hapo kwenye gati." Nikarudia. Akaniambia tena nirudie.

Yule kijana alikuja siku ya tatu, akasimama mlangoni. "Mwalimu, naomba uniazime." Nikamwambia haliondoki nyumbani, aje akae asome. Alikuja jioni nne, na ya nne akaja na daftari lake jipya, la kurasa sitini. Anataka ya Chukwani, Baraza la 2010 hadi 2015, wakati CUF ilikuwa ndani ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa, aone kama mwakilishi wetu alisema mengi akiwa serikalini kuliko mbunge alivyosema akiwa upinzani. Nimemuonesha kile kisanduku cha herufi kubwa. Mwakilishi wetu anaitwa Othman, na hadi jana kashampata kwa maandishi matatu.