Upande wa kengele

Juzi mjukuu kaichomoa stetoskopu yangu kabatini, kajibandika upande bapa kifuani. Baridi ya Julai ya hapa Uyole mnaijua, aliruka. "Babu, na huu upande mdogo ni wa nini?"

Nikamkumbuka yule binti wa Rungwe.

Alikuwa na miaka 15, akipanda kilima pumzi zinakata. Mara ya kwanza nilimsikiliza ameketi, kwa upande bapa, mvua ikipiga bati. Nikaandika pumu. Baada ya wiki tatu akarudi, makohozi yana damu, halali ila kwa mito mitatu.

Siku hiyo mvua ilikuwa imekatika. "Mwanangu, lalia ubavu wa kushoto." Nikaweka ule upande mdogo, wa kengele, chini ya ziwa, pale moyo unapogonga, kwa wepesi kabisa: ukiukandamiza, ngozi inakazika na sauti nzito zinapotea. Kidole kikawa kwenye mshipa wa shingo. Pigo la kwanza kali, la pili, mlio mfupi kama kidole kinavyoalika, kisha ngurumo ya mbali, lori linapanda Mlima Nyoka usiku. Ilikuja mshipa ukiwa umeshapiga, yaani moyo unajaa, hausukumi. Vali ya mitrali, mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, imebana. Nikamuuliza mama yake. Kumbe utotoni mafindofindo hayakumwisha, halafu magoti yakavimba, uvimbe ukahamia vifundoni. Homa ya baridi yabisi hiyo, ndiyo iliyoiharibu vali.

Mvumo, yaani sauti ya damu ikipita kwa msukosuko, wa wakati moyo unasukuma, ukielekea kwapani, mara nyingi ni mitrali inayovuja. Ukipanda shingoni, fikiria vali ya aota, ule mshipa mkuu utokao moyoni, iliyobana. Usiokatika, kama mashine, chini ya mtulinga wa kushoto, ni mshipa uliopaswa kuziba baada ya kuzaliwa. Na kelele isikutishe: tundu dogo kati ya vyumba vya chini huvuma kuliko kubwa, na watoto wengi wazima wana mvumo laini wa kimuziki unaofifia wakiinuka. Ila ukisikia mvumo moyo unapojaa, hata hafifu, mgonjwa apimwe eko, yaani moyo utazamwe kwa mawimbi ya sauti.

Nikamwandikia rufaa kwenda Dar, na penisilini ya benzathini, yuniti milioni 1.2 kila wiki nne, koo lisiambukizwe tena na kuichakaza vali zaidi. Sikumwona tena. Mama yake alinishukuru mno kwa kugundua. Habari ya pumu sikuigusa.

Mjukuu nikamwambia alalie ubavu wa kushoto. Nikasikiliza muda mrefu kuliko ilivyohitajika.