Nia ya Mchezaji na Jicho la Shabiki

Mimi ni shabiki wa San Antonio Spurs, timu ya mpira wa kikapu ya Marekani, na hadi leo sijaacha kulitafakari tukio la tarehe 14 Mei 2017 mjini Oakland. Ulikuwa mchezo wa kwanza wa fainali ya Kanda ya Magharibi ya NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya huko. Spurs walikuwa wakiongoza kwa pointi 23 katika robo ya tatu pale Kawhi Leonard aliporuka kutupa mpira, naye Zaza Pachulia wa Golden State Warriors, aliyekuwa akimkaba, akaendelea kusogea mbele hata mguu wake ukawa mahali ambapo Leonard alikuwa anatua. Kifundo cha mguu kilichokuwa kimekwisha kuumia kikapinda tena, Leonard akatoka uwanjani, Warriors wakashinda 113 kwa 111, na Leonard hakurudi katika mfululizo ule uliokwisha kwa michezo minne kwa sifuri.

Ubishi wa mashabiki uliofuata ulihusu nia. Wa upande wetu walisema Pachulia alikusudia. Wa Golden State wakasema ni bahati mbaya. Wote walitazama video ileile, tena kwa mwendo wa taratibu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na njia ya kuuona moyo wa mtu. Naamini ushabiki hupenyea hapo. Kinachoonekana, yaani mguu ulikanyaga wapi na mkono ulishika nini, si rahisi kukipindisha. Kisichoonekana kila mtu hukijaza apendavyo, kwa kuwa mwamba ngoma huvutia kwake.

Gregg Popovich, kocha wa Spurs wakati huo, alilisema jambo hili siku iliyofuata, akiwa na hasira nyingi. Kwa wale waliomtetea Pachulia kwamba hakukusudia, aliuliza kama hawajapata kusikia kosa la kuua bila kukusudia. Ninakubaliana naye kabisa. Mtu aliye hewani hana namna ya kujikinga wala ya kubadili mahali atakapotua, na anayeingiza mguu mahali hapo amemhatarisha, awe amepanga au amezembea.

Lakini kipimo hicho hakina maana kama hatukianzishi nyumbani kwetu. Popovich huyohuyo alimfundisha Bruce Bowen, mkabaji aliyetwaa mataji nasi mwaka 2003, 2005 na 2007, ambaye wapinzani walimlalamikia mara nyingi kwa kosa lilelile la kuupitisha mguu chini ya mtu anayetua. Mwaka 2008 ligi ilimfungia mchezo mmoja kwa kumpiga teke Chris Paul. Sisi tulimsifu kwa bidii yake. Kwingineko aliitwa mchezaji mchafu. Jezi yake namba 12 ilistaafishwa mwaka 2012, yaani isivaliwe tena na mwingine, na baadaye, kwa ridhaa ya Bowen mwenyewe, akapewa LaMarcus Aldridge wa Spurs, ambaye alikuwa akicheza Oakland siku ile. Shabiki wa Spurs aliyemlaani Pachulia alikuwa akiitazama namba ya Bowen ikikimbia palepale uwanjani. Sioni njia ya haki ya kumhukumu mmoja na kumwachia mwingine.

Tatizo hili ni la zamani kuliko ubishi wetu. Novemba 1951 vyuo vya Dartmouth na Princeton nchini Marekani vilicheza mchezo mkali wa futiboli ya Kimarekani, ambamo nyota wa Princeton alivunjika pua na mchezaji wa Dartmouth akavunjika mguu. Wanasaikolojia Albert Hastorf na Hadley Cantril waliwaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili filamu moja ya mchezo huo na kuwataka waandike kila kosa waliloliona. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 1954, wanafunzi wa Princeton waliona Dartmouth wakifanya makosa zaidi ya maradufu ya yale ambayo wanafunzi wa Dartmouth wenyewe waliyaona. Sidhani kwamba waliandika uongo. Kinachonisikitisha ni kwamba waliandika kwa unyofu.

Mchezo wa nne wa mfululizo kati ya Boston Celtics na Cleveland Cavaliers wa NBA, Aprili 2015, ni mfano mwingine. Kelly Olynyk wa Boston aliubana mkono wa Kevin Love na kuuvuta mpaka bega likateguka. Katika mchezo huohuo J.R. Smith wa Cleveland alimpiga Jae Crowder usoni, naye Crowder akaanguka na kuumia goti. Olynyk alifungiwa mchezo mmoja, Smith miwili. Muulize shabiki wa Cleveland kuhusu siku ile, atakutajia bega la Love. Wa Boston atakutajia goti la Crowder.

Kuanzia msimu wa 2017–18 NBA iliwaruhusu waamuzi kutazama marudio ya video ili kuona kama mkabaji ameingiza mguu kizembe mahali pa kutua, na kuipandisha hadhi rafu hiyo kuwa rafu mbaya. Rafu mbaya ya daraja la kwanza ni mgusano usio wa lazima. Ya daraja la pili ni mgusano usio wa lazima na uliopita kiasi. Maelezo hayo hayamdai mwamuzi athibitishe nia ya mtu, na kwangu hiyo ndiyo nguvu yake.

Kipimo hicho ndicho ninachokitumia hata kwa Draymond Green wa Golden State Warriors, mchezaji ambaye karibu kila mtu ameshamhukumu kabla mpira haujarushwa. Aprili 2023 Domantas Sabonis wa Sacramento Kings, akiwa amelala chini, alimshika mguu. Green akamkanyaga kifuani. Wanaomchukia Green hawakuitaja mikono ya Sabonis, na wanaompenda hawakutaja kitu kingine. Waamuzi walimpa Sabonis faulo ya kiufundi, yaani ya utovu wa nidhamu, na kumtoa Green mchezoni, na ninaona walipatia yote mawili, kwa kuwa kushika mguu ni kosa, na kumkanyaga mtu kifuani ni kosa kubwa zaidi. Kisha ligi ikamfungia Green mchezo uliofuata, ikieleza kwamba historia yake ilichangia. Hilo nalikubali pia, mradi historia iongeze adhabu baada ya kosa kuthibitika, wala isitumike kuamua kama kosa limetendeka.